Uimbaji wa Kooni wa Wainuiti Katika Muziki wa Kisasa: Funzo kwa Mwalimu wa Fasihi Simulizi

Utangulizi

Kila tunapoifikia mada ya fasihi simulizi, mwalimu mwenzangu, huwa tunaanza kwa kuandika ubaoni orodha ya sifa: hupitishwa kwa njia ya mdomo, huwa na fanani na hadhira, hubadilika kulingana na muktadha, ni mali ya jamii. Baada ya sifa hufuata orodha ya matatizo: wazee wanaaga dunia, vijana wanahamia mijini, redio na runinga zimechukua nafasi ya ngano za jioni. Mwanafunzi hutoka darasani akiwa na imani kwamba fasihi simulizi ni mgonjwa mahututi, na kwamba kazi tuliyobakiwa nayo ni kumpiga picha kabla hajakata roho.

Makala haya yananuia kuichunguza imani hiyo kwa kutumia mfano wa mbali sana, yaani uimbaji wa kooni wa Wainuiti wa kaskazini mwa Kanada, na jinsi ulivyoingia katika muziki wa roki, muziki wa gitaa wa kienyeji na muziki wa kompyuta. Mfano wa mbali una faida yake. Tanzu za kwetu tumezizoea mno, hata tunazipitia kwa haraka. Tukikutana na utanzu tusioujua, tunalazimika kuuliza upya maswali ya msingi: Fanani ni nani? Hadhira ni nani? Maana iko wapi? Nani ana mamlaka ya kuubadilisha? Swali hili la mwisho, kwa maoni yangu, ndilo tunalolisahau zaidi tunapofundisha, na ndilo makala haya yatakaloishia kwalo.

Wainuiti ni nani?

Wainuiti ni wenyeji wa asili wa maeneo ya Aktiki, kuanzia Alaska kupitia Kanada hadi Greenland. Vitabu vya zamani viliwaita Waeskimo, jina ambalo wengi wao sasa wanalihesabu kuwa tusi, kwa hivyo inafaa tuliepuke darasani. Mtu mmoja huitwa Inuk. Wengi ni Inuit. Sensa ya Kanada ya mwaka 2021 ilihesabu Wainuiti 70,545 nchini humo. Wengi wao huishi Nunavut, eneo lililopata utawala wake tarehe 1 Aprili 1999, na Nunavik, ambayo ni sehemu ya kaskazini ya mkoa wa Quebec. Lugha tutakayoitaja hapa ni Kiinuktitut, ambayo sehemu kubwa ya wasemaji wake huiandika kwa hati maalumu ya silabi.

Kimapokeo, Wainuiti walikuwa wawindaji wa sili, nyangumi na kulungu wa kaskazini. Majira ya baridi ni marefu na usiku wake ni mrefu vilevile. Msomaji aukumbuke muktadha huu, kwani sanaa tunayoizungumzia ilizaliwa ndani yake.

Katajjaq: mchezo au wimbo?

Uimbaji wa kooni una majina mbalimbali kutegemea eneo. Katika Nunavik na kusini mwa kisiwa cha Baffin huitwa katajjaq. Wachezaji kwa kawaida ni wanawake wawili. Husimama uso kwa uso, karibu sana, wakishikana mikono au mabega. Mmoja huanza kwa kutoa sauti fupi yenye mdundo na kuirudia rudia. Wa pili humfuata nyuma kidogo, akijaza nafasi zilizoachwa na mwenzake kwa sauti ile ile au nyingine. Sauti nyingine hutolewa pumzi inapotoka, nyingine pumzi inapoingia. Nyingine ni nzito na hutokea kooni, nyingine ni za pumzi tupu. Kasi huongezeka. Wakifanya vizuri, msikilizaji hawezi tena kutambua ni sauti ipi inatoka kwa nani. Anayeishiwa na pumzi, anayepoteza mdundo au anayecheka kwanza ndiye aliyeshindwa, na kwa kawaida mchezo huishia kwa kicheko cha wote wawili.

Tusiichanganye katajjaq na uimbaji wa kooni wa Tuva, kule kusini mwa Siberia, ambao wengi wameusikia katika filamu. Mwimbaji wa Tuva huwa peke yake, na ustadi wake ni kutoa sauti mbili kwa wakati mmoja kutoka koo moja: moja nzito chini na nyingine nyembamba juu. Katika katajjaq ustadi uko katika kupokezana. Koo moja peke yake haitoshi.

Sauti zinazoigwa ni za mazingira ya jamii hiyo: upepo, maji ya mto, mabata bukini, mtoto wa mbwa, hata msumeno ukikata mbao. Mara nyingine hutumika silabi zisizo na maana ya kawaida, au maneno na majina ya kale. Mtaalamu wa semiotiki ya muziki Jean-Jacques Nattiez wa Chuo Kikuu cha Montréal, aliyeufanyia mchezo huu utafiti kuanzia miaka ya 1970, alieleza kwamba katajjaq ni kama umbo lililo wazi, lenye uwezo wa kupokea sauti za kila aina kutoka nje na kuzifanya zake. Maelezo hayo tutayahitaji tutakapofika kwenye gitaa.

Wanawake walicheza katajjaq kujiburudisha, hasa wanaume walipokuwa safarini kuwinda. Aidha, mtoto aliyebebwa mgongoni ndani ya amauti, vazi la ngozi lenye mfuko mpana nyuma, aliupata mtetemo wa kifua cha mama pamoja na sauti yake. Hapa katajjaq inakaribiana na bembelezi.

Je, tuuweke utanzu huu wapi? Mwanafunzi aliyezoea majedwali ataharakisha kusema ni wimbo. Wenyewe huuita mchezo. Una ushindani na kicheko kama vitanza ndimi, ambavyo pia humpima mtu kwa wepesi wa viungo vya kutamkia na humwangusha mbele ya wenzake. Umejaa tanakali za sauti. Una urudiaji wa nyimbo na makabiliano ya malumbano. Jibu sahihi ni kwamba vipera huingiliana, na majedwali yetu ni vyombo vya kurahisisha masomo tu. Ukitaka kumthibitishia mwanafunzi jambo hili, katajjaq ni ushahidi mzuri kuliko maelezo marefu.

Kuna funzo la pili. Mitihani yetu imetuzoesha kumuuliza mwanafunzi ujumbe wa wimbo, naye huutafuta katika maneno. Katajjaq haina beti za kufafanua. Ukiiandika karatasini hupati chochote cha maana. Maana yake imo katika utendaji: ukaribu wa miili miwili, kusikilizana, kuaminiana katika pumzi, na kicheko cha mwisho. Mara nyingi tunataja utendaji kama sifa moja kati ya sifa kumi. Hapa tunauona ukiwa ndio utanzu wenyewe.

Kunyamazishwa na kufufuka

Wamishenari Wakristo walipoenea Aktiki mwishoni mwa karne ya 19 na katika karne ya 20, waliuona uimbaji wa kooni na ngoma za kimapokeo kuwa mabaki ya upagani. Katika jumuiya nyingi mambo haya yalikatazwa au yalifanywa kuwa ya aibu. Baadaye watoto walipelekwa katika shule za bweni zilizoendeshwa na serikali na makanisa, wakatenganishwa na lugha na wazazi wao. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada ilitoa ripoti yake kuhusu shule hizo mwaka 2015. Utanzu unaopokezwa kutoka kinywa cha bibi hadi sikio la mjukuu hauwezi kuhimili utengano wa namna hiyo bila kuumia. Katika sehemu nyingi walibaki wanawake wazee wachache tu walioujua.

Ufufuo ulianza miaka ya 1970 na 1980, wazee hao walipoanza tena kuwafunza wasichana. Mwaka 2014 serikali ya Quebec iliutangaza uimbaji wa kooni wa Nunavik kuwa turathi ya kitamaduni isiyoshikika, na ulikuwa wa kwanza kupewa hadhi hiyo mkoani humo. Mapokeo yaliyowahi kukatazwa kwa jina la dini yakawa yanalindwa kwa jina la sheria.

Gitaa lilikuwa limeshafika

Msomaji asije akafikiri kwamba muziki wa Wainuiti ulikuwa katajjaq tupu hadi juzi, kisha roki ikaingia ghafla. Wavuvi wa nyangumi kutoka Uskoti na Marekani walipeleka fidla na kodiani Aktiki katika karne ya 19, na Wainuiti wakavifanya vyombo hivyo vyao. Kodiani ni kile kinanda cha kukunjua na kukunja ambacho huku kwetu kinajulikana katika mwomboko.

Kisha likaja gitaa. Charlie Panigoniak (1946–2019) alitunga nyimbo za gitaa katika Kiinuktitut kuhusu maisha ya kila siku, na kuanzia mwaka 1973 shirika la utangazaji la CBC lilimrekodi na kumpeperusha hewani kote kaskazini. Huko Salluit, Nunavik, bendi ya Sugluk ilipiga roki. Huko Igloolik, bendi ya Northern Haze ilitoa mwaka 1985 albamu inayotajwa kuwa ya kwanza ya roki katika Kiinuktitut. Mwaka 1995 Susan Aglukark, aliyekulia Arviat, alipata umaarufu wa kitaifa kwa albamu yake This Child, akichanganya Kiingereza na Kiinuktitut.

Hata hivyo, katika muziki huo wa mwanzo koo la katajjaq halikuwa katikati. Kilichokuwa cha Kiinuiti kilikuwa lugha na maudhui. Umbo la muziki lilikuwa la kusini. Yamkini hili ndilo badiliko kubwa la karne hii: sauti ya kooni yenyewe iliingia katika bendi. Iliingia kwa njia zaidi ya moja, na tutatazama tatu.

Njia ya kwanza: koo moja jukwaani

Tanya Tagaq alizaliwa mwaka 1975 Cambridge Bay, mji ambao kwa lugha ya wenyeji huitwa Iqaluktuuttiaq, Nunavut. Hakukua akiisikia katajjaq ikichezwa nyumbani. Alipokuwa akisomea sanaa za uchoraji chuoni huko Halifax, mashariki mwa Kanada, mama yake alimtumia kaseti za uimbaji huo. Akazisikiliza, akajifundisha mwenyewe.

Hebu tusimame hapa. Vitabu vyetu vinataja kunasa sauti kama njia ya kuhifadhi fasihi simulizi, kisha vinaonya kwamba njia hiyo huondoa uhai na hadhira. Kwa Tagaq, kaseti ilifanya kazi ya bibi ambaye hakuwepo. Ilivuka maelfu ya kilomita na pengo la kizazi kilichonyamazishwa. Lakini onyo la vitabu nalo lina ukweli wake: kaseti ilimpa sauti, haikumpa mwenzake wa kusimama naye. Kwa kukosa mshirika alianza kuimba peke yake, akijijibu mwenyewe, na mtindo aliobuni ukawa tofauti na mchezo wa wanawake wawili. Kwa hivyo badiliko kubwa la umbo, kutoka koo mbili hadi moja, halikutokana na mtu kudharau mapokeo. Lilitokana na chombo alichojifunzia na mahali alipokuwa.

Mwanamuziki wa Iceland, Björk, alimshirikisha katika ziara ya mwaka 2001 na katika albamu ya Medúlla ya mwaka 2004. Albamu ya kwanza ya Tagaq, Sinaa, ilitoka mwaka 2005. Alifanya kazi pia na Kronos Quartet, kundi la vinanda vya nyuzi kutoka Marekani. Jukwaani alishirikiana kwa miaka mingi na Jesse Zubot kwenye fidla na Jean Martin kwenye ngoma. Wanapotumbuiza, sehemu kubwa hubuniwa papo hapo: Tagaq hupumua, hunguruma, hulia, na fidla humjibu. Nafasi ya mwanamke wa pili imechukuliwa na chombo.

Mwaka 2014 albamu yake Animism ilipata tuzo ya Polaris, inayotolewa kila mwaka kwa albamu bora ya Kanada. Albamu hiyo inaanza na Caribou, wimbo wa bendi ya roki ya Pixies ya Marekani. Neno hilo ni jina la kulungu wa kaskazini, na linapotoka kwa mwimbaji ambaye jamii yake imeishi kwa mnyama huyo, wimbo unapata uzito ambao haukuwa nao mwanzoni. Usiku wa tuzo hiyo Tagaq alitumbuiza huku majina ya wanawake 1,200 wa jamii za asili za Kanada, waliouawa au kutoweka, yakipita kwenye skrini nyuma yake. Yeye hakueleza majina hayo kwa beti. Sauti ya koo na majina ukutani vilitosha kuieleza hadhira dhamira yake. Mwalimu anayefundisha dhima ya mandhari na ala katika utendaji hatakosa la kusema hapa.

Njia ya pili: koo ndani ya bendi

Bendi ya The Jerry Cans ilianzia Iqaluit, mji mkuu wa Nunavut. Muziki wake ni wa gitaa, fidla, ngoma na kodiani, wa kuchezeka, na nyimbo nyingi ni za Kiinuktitut. Katika albamu za Nunavuttitut (2012), Aakuluk (2014) na Inuusiq (2016), kodiani na uimbaji wa kooni vilikuwa vya Nancy Mike, mzaliwa wa Pangnirtung. Mwimbaji kiongozi, Andrew Morrison, si Mwinuiti kwa nasaba, lakini aliishi Iqaluit na aliimba kwa Kiinuktitut.

Hapa koo halijibizani na koo lingine wala halitawali jukwaa. Linakaa chini ya gitaa kama ala ya mdundo, kisha linapanda juu sehemu fulani za wimbo na kurudi. Ikilinganishwa na Tagaq, njia hii ina upole zaidi, na hadhira yake ya kwanza ni watu wa Nunavut wenyewe. Maudhui yanathibitisha hilo. Wimbo wao Mamaqtuq, ambao jina lake lina maana ya "ni kitamu", unasifu nyama ya sili. Kwa msikilizaji wa mbali huo ni wimbo wa kuchekesha. Kwa Wainuiti, ambao biashara yao ya ngozi za sili iliporomoka kutokana na kampeni za Ulaya na Marekani na marufuku ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009, kusifu nyama ya sili hadharani ni kutetea riziki.

Mwaka 2016 wanabendi hao walishiriki kuanzisha Aakuluk Music, kampuni ya kwanza ya kurekodi muziki katika Nunavut. Ni kampuni hiyo iliyotoa albamu mpya ya Northern Haze mwaka 2018, zaidi ya miaka 30 baada ya ile ya kwanza. Msanii wa kaskazini akawa na mahali pa kurekodi bila kusubiri mkurugenzi wa Toronto amkubali.

Njia ya tatu: wawili na mashine

PIQSIQ ni kundi la dada wawili, Inuksuk Mackay na Tiffany Ayalik. Wamebaki na umbo la watu wawili wanaokabiliana. Kilichoongezeka ni mashine ya kunasa sauti papo hapo na kuirudia. Mmoja hutoa mdundo wa pumzi, mashine huushika na kuuzungusha, kisha wote wawili huongeza sauti nyingine juu yake, mpaka watu wawili wanasikika kama umati. Kwa njia nyingine, kundi la Silla and Rise la Ottawa liliwaunganisha waimbaji wa kooni Cynthia Pitsiulak na Charlotte Qamaniq na mtayarishaji wa muziki wa densi, Rise Ashen. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 2016. Riit, mwimbaji mwingine kutoka Pangnirtung, alichanganya koo na muziki wa kompyuta katika albamu yake Ataataga ya mwaka 2019.

Tukumbuke maelezo ya Nattiez kuhusu umbo linalopokea sauti za nje. Mwanamke wa zamani aliyeiga msumeno alikuwa anaingiza chombo kigeni katika mchezo wake. Binti anayeingiza mashine ya umeme anafanya jambo la ukoo ule ule.

Je, bado ni fasihi simulizi?

Swali hili litaulizwa darasani, na jibu la "ndiyo" au "hapana" halitoshi. Afadhali tupime sifa moja moja.

Utendaji upo, na kwa Tagaq umezidi, kwani hakuna maonyesho mawili yanayofanana. Kubadilika kulingana na muktadha kupo. Hadhira ipo, lakini imebadilika: katika nyumba ya theluji au hema, hadhira ilikuwa majirani wanaojua mchezo na wanaoweza kuingia zamu yao ikifika, katika ukumbi wa Toronto, hadhira imelipa kiingilio na haiwezi kushiriki ila kwa makofi. Hiyo ni hasara, na tusiifiche. Ushindani nao umefifia, kwani jukwaani hakuna anayeshindwa. Kicheko cha mwisho, kilichokuwa alama ya mchezo, husikika kwa nadra katika albamu. Upokezaji kwa mdomo umepata msaidizi, yaani kanda na santuri.

Kwa hivyo kuna kilichopotea, kuna kilichobadilishwa na kuna kilichopatikana. Zaidi ya yote, sura mpya haikuifuta ya zamani. Wasichana wa Nunavik na Nunavut wanaendelea kucheza katajjaq wawili wawili, uso kwa uso, na kucheka. Umaarufu wa jukwaa umewapa baadhi yao sababu ya kutoionea aibu.

Nani mwenye ruhusa?

Tunawafundisha wanafunzi kwamba fasihi simulizi haina mwandishi na ni mali ya jamii. Maneno "mali ya jamii" mara nyingi husikika kana kwamba yana maana ya mali isiyo na mwenyewe. Wainuiti wametukumbusha kwamba sivyo.

Mwaka 2019 mwimbaji mmoja wa jamii ya Wakrii, ambao pia ni wenyeji wa asili wa Kanada lakini si Wainuiti, aliteuliwa kuwania tuzo katika hafla ya muziki wa jamii za asili kwa albamu iliyotumia uimbaji wa kooni. Wanamuziki kadhaa wa Kiinuiti, wakiwemo Tagaq na PIQSIQ, walisusia hafla hiyo. Hoja yao ilikuwa kwamba sanaa iliyokatazwa, ikakaribia kufa, kisha ikaokolewa na bibi wachache, haiwezi kuchukuliwa na mtu wa nje bila idhini ya wenyewe, hata kama mtu huyo naye ametoka katika jamii iliyoonewa. Wengine waliona kwamba jamii za asili zimekuwa zikiazimana sanaa tangu zamani, na kwamba kuweka mipaka ni kuzigawanya. Waandalizi hawakumwondoa mteuliwa.

Fikiria jambo hili pamoja na lingine. Mwaka 2023 Elisapie, mwimbaji mzaliwa wa Salluit, alitoa albamu iitwayo Inuktitut, ambamo nyimbo maarufu za wanamuziki kama Metallica, Cyndi Lauper na Fleetwood Mac zimetafsiriwa kwa Kiinuktitut. Mwaka 2024 ilimpatia tuzo ya Juno. Kwa kuwa nyimbo hizo zina watunzi wanaojulikana, sheria ya hakimiliki inamtaka mtafsiri aombe ruhusa. Mtu wa nje akitaka kutumia katajjaq, sheria hiyo hiyo haimlazimishi kubisha mlango wa yeyote, kwa kuwa mtunzi hana jina. Mwinuiti anaomba ruhusa kwa Metallica. Anayeichukua katajjaq haombi ruhusa kwa Mwinuiti.

Wala tusidhani kwamba dhana ya umiliki ni ngeni kwa Wainuiti. Katika mapokeo yao ya ngoma, wimbo wa mtu binafsi ulihesabiwa kuwa wake, na mwingine aliyeuimba alimtaja mwenyewe. Jamii inaweza kuwa na fasihi simulizi na bado ikajua nani ana haki ya kutenda nini. Ikiwa ni hivyo kwao, basi sentensi yetu ya ubaoni inahitaji kuongezewa: fasihi simulizi ni mali ya jamii fulani, nayo jamii hiyo ina kanuni za nani anaweza kuitenda, lini na kwa idhini ya nani.

Hapa ndipo ninapoona tofauti kati ya badiliko la Tagaq na uchukuaji uliolalamikiwa mwaka 2019. Tagaq alibadilisha mengi zaidi kuliko yeyote: aliondoa mshirika, aliondoa ushindani, aliongeza fidla na ngoma za roki. Hata yeye amewahi kukosolewa na watu wa kwao waliotaka katajjaq ibaki ilivyokuwa. Lakini ubishi huo ni wa ndani, kati ya mjukuu na bibi zake, na mapokeo yoyote yaliyo hai huwa na ubishi wa namna hiyo. Kiasi cha badiliko hakitoshi kuwa kipimo cha uhalisi. Swali zito zaidi ni kama wenye mapokeo ndio wanaoamua.

Hitimisho

Mwalimu mwenzangu, unapofundisha mabadiliko ya fasihi simulizi, usiwape wanafunzi habari za kifo peke yake. Waambie kwamba utanzu unaweza kunyamazishwa kwa vizazi viwili kisha ukarudi kupitia kaseti. Waambie pia kwamba kurudi huko kuna gharama, na kwamba mapokeo yaliyofufuka yanaweza kunyang'anywa. Kisha wapeleke nyumbani wakakusanye nyimbo na michezo ya jamii zao, na kabla hawajabonyeza simu kurekodi, wamwombe fanani idhini na waandike jina lake.

Maswali ya kujadili darasani

1. Katajjaq ni mchezo, wimbo au malumbano? Jadili kwa kurejelea mwingiliano wa vipera.
2. "Maana ya fasihi simulizi imo katika utendaji." Thibitisha kauli hii kwa kutumia utanzu usio na maneno.
3. Linganisha nafasi ya hadhira katika katajjaq ya kimapokeo na katika tamasha la kisasa. Ni nini kimepotea, na ni nini kimepatikana?
4. Eleza jinsi njia ya kuhifadhi inavyoweza kubadilisha umbo la utanzu unaohifadhiwa.
5. Chagua wimbo mmoja wa jamii yako unaopigwa siku hizi kwa ala za kisasa. Nani aliubadilisha, na aliomba ruhusa kwa nani?